Nani Ameikasirikia Pampu

Mume wangu alileta stima nyumbani kabla hatujapata kitanda cha maana, na sikumlaumu, maana stima ile ilikuja kwa ajili yangu. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Tulikuwa tumejenga nyumba ya udongo na mabati pembeni mwa Kaloleni, hapa Voi, upande wa kuteremkia mtoni, na uani tulikuwa na kisima chetu wenyewe. Maji yake yalikuwa ya chumvi. Mgeni akinywa chai yetu alikuwa anatazama kikombe, kisha ananitazama mimi, kisha anamalizia kwa adabu tu. Lakini yalikuwa maji, na Voi wakati wa kiangazi hakuna anayechagua.

Shida ilikuwa kamba. Kuvuta debe la maji kutoka kisimani si mchezo wa mtoto. Mimba mbili zilikuwa zimeniharibikia, zote mbili nikiwa nimeshika kamba ile, na nilipopata ya tatu muuguzi wa zahanati alinitazama kwa macho makavu akaniambia: "Mama, ukivuta maji tena, usije hapa kunililia." Nilimtaka mtoto yule kiasi cha kuogopa hata kupiga chafya.

Nikamwambia mume wangu. Yeye alikuwa msaidizi kwenye nyumba ya mashine ya shamba la katani, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Baadaye akaja na mkokoteni wa punda umebeba injini kuukuu ya kuzalisha stima, mota iliyopauka, pampu, na mzigo wa waya uliovingirishwa kama nyoka aliyekufa. Shamba lilikuwa limepata mashine mpya, na hivi walikuwa wanataka kuvitupa. Alivipanga uani akasema, "Hutavuta kamba tena." Basi. Hayo ndiyo maneno ya mapenzi niliyowahi kupata kutoka kwake, na yalinitosha.

Injini aliiweka kibandani nyuma ya jiko. Waya akaupitisha juu ya nguzo za mgunga kukatiza ua mzima hadi kisimani, na pale mdomoni mwa kisima akafunga pampu, mota yake, na sanduku la chuma lenye swichi na fyuzi. Sanduku hilo halikuwa na kifuniko. Kifuniko kilipotelea shambani, sijui nani alikifanya sinia. Ukichungulia ndani unaona vyuma vya shaba vimetazamana. Ndani ya nyumba, usiku, tuliendelea kuwasha koroboi. Jirani yangu, mama wa Kikamba aliyeuza mboga karibu na stesheni, alicheka mpaka akashika kiuno. "Hawa watu wana stima ya kuchotea maji na hawana ya kuonea chakula!" Nikamwambia chakula tunakijua kilipo.

Siku ya kuwasha, mama mkwe alikuwepo. Alikuwa ameteremka kutoka Mwanda, kule juu milimani, hata kabla ya mkokoteni ule kufika, kuja kukaa nami mpaka nijifungue. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mgongo ulionyooka na mapafu ya mpiga tarumbeta. Alikuja pia kaka yake mkubwa, yaani mjomba wa mume wangu, mzee wa kanisa, na huyo hakuja mikono mitupu. Alibeba kibuyu cha maji ya miwa, miwa ya kwao Mwanda, maji matamu ya kukata koo.

Sasa nikwambie habari ya kibuyu hicho, maana bila hicho hakuna hadithi. Sisi Wadawida tuna jambo letu linaitwa kutasa. Mtu akitaka kubariki kitu, au akiwa na kinyongo moyoni anataka kukitoa kisije kikadhuru watu, anajaza kinywa, anapuliza manyunyu, pfuuu! halafu anasema maneno ya heri. Hasira ya mtu, hasa mtu mzima, hasa mama, ikikaa ndani bila kutolewa inaweza kuvunja nyumba. Watoto wanaugua, ng'ombe wanakauka maziwa. Zamani walitumia pombe. Mjomba, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, alitumia maji ya miwa ambayo hayajachacha, na aliongeza jambo moja la kwake: lazima wote tuinamishe vichwa na kufumba macho, kama kanisani. Alisema kutasa ukiwa macho wazi ni ushenzi.

Basi mume wangu akazungusha mkono wa injini, tu-tu-tu-tu, akabonyeza swichi pale kisimani, pampu ikakohoa, na maji yakaruka. Loo! Nililia. Jirani alipiga vigelegele. Mbuzi walikimbia. Mjomba akainua mkono: "Zimeni hiyo injini, tushukuru. Mungu hawezi kusikia chochote hapa." Injini ikazimwa. Tukazunguka kisima, tukafumba macho, mjomba akatasa, mama mkwe akafuata akatasa, amina. "Washa sasa," mjomba akasema.

Mume wangu akawasha. Akabonyeza. Pa! Moshi ukatoka sandukuni, na pampu kimya.

"Ni fyuzi tu," mume wangu akasema kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Akaenda kutafuta sababu, maana alikuwa amefundishwa kwamba fyuzi haikatiki bure. Alikuwa na globu ya taa iliyofungwa nyaya mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa daktari wake: anagusisha hapa, globu ikiwaka stima ipo, isipowaka haipo. Alianza kibandani, akapanda nguzo moja baada ya nyingine, akagusisha kila kiungo cha waya, jua limempiga, vumbi limemjaa mpaka shingo ikawa nyekundu kama udongo wetu. Kwenye nguzo ya katikati akakuta kiungo ambacho utepe wake mweusi umeoza. "Ndiyo hii!" akapiga kelele kule juu. Akafunga utepe mpya, akaweka fyuzi mpya, akawasha. Pampu ikafanya kazi vizuri kabisa. Mimi nikakinga ndoo ndogo ndogo mdomoni mwa bomba bila kuinama, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, na jioni ile tulikula kwa furaha.

Asubuhi mama mkwe akasema haiwezekani kitu kilichopona kisishukuriwe. Kibuyu kilikuwa bado na maji. Injini ikazimwa, macho tukafumba, akatasa. Mama yule alikuwa bingwa. Wengine wakipuliza yanatoka matone. Yeye yalitoka kama ukungu wa Mwanda asubuhi, yanatanda kila mahali, hata usoni uliyahisi. Amina. Washa.

Pa!

Mume wangu akapanda nguzo tena. Safari hii akasema ni mbuzi. Mbuzi wa jirani alikuwa akijikuna kwenye nguzo na waya unatikisika. Tukamfunga mbuzi. Mchana ule, baada ya jua kupiga sana, pampu ikafanya kazi. "Si nilisema!" Jirani akanuna kwa ajili ya mbuzi wake. Siku iliyofuata mama mkwe akatasa tena, nayo ikakataa, na safari hiyo mume wangu alikuta sandukuni sisimizi wadogo weusi wamejipanga kwenye vyuma vya shaba, wengine wameungua, wengine wanakuja kuzika wenzao. Akawafuta kwa brashi ya viatu. Akakaa chini ameshika bisibisi, akaniuliza mimi, mimi ambaye sijui hata stima inapita upande gani, "Sisimizi wanatafuta nini kwenye stima?"

Jirani akajibu kwa niaba yangu: "Wanapenda joto."

"Voi hii? Wanakosa joto Voi hii?"

Nilikuwa na hasira, sitaficha. Kila pampu ilipokufa, mume wangu alilazimika kuvuta maji mwenyewe alfajiri kabla ya kwenda shambani, anajaza pipa, na kufikia adhuhuri pipa limeisha, maana nyumba ina watu, ina mbuzi, ina nguo. Jirani alinisaidia alipoweza. Mama mkwe hakusaidia. Alikaa kwenye kigoda chake kivulini akisuka kikapu, ananitazama, mdomo umefungwa kama mkoba. Siku moja maji yaliisha kabisa na unga uko jikoni. Nikashika kamba. Nilivuta debe nusu tu, na maumivu yakaniingia mgongoni, yaleyale ninayoyajua. Nikaachia kamba, debe likaanguka kisimani, nikakaa chini kwenye udongo nimekumbatia tumbo nikisema usitoke, usitoke, tafadhali usitoke. Yalipoa. Nilipoinua macho nikaona mama mkwe amesimama. Kikapu kilikuwa kimemwanguka. Alinitazama hivyo hivyo, kisha akaingia ndani. Nilimchukia siku ile. Nilimchukia kweli kweli.

Usiku nilimwambia mume wangu: pampu hii itengenezwe, au nirudi kwetu Rukanga kwa mama yangu. Naye akaenda kumwita mjomba.

Mjomba akateremka na kibuyu kipya. Alizunguka kisima, akachungulia sandukuni huku mikono iko mgongoni, akasikiliza hadithi yote ya utepe, mbuzi na sisimizi. Halafu akatoa uamuzi: "Waya hauna ugonjwa. Hapa kuna mtu amekasirika. Kila tukimshukuru Mungu, kitu kinakatika. Stima inatuonyesha. Mwenye kinyongo akitoe."

Mume wangu alikuwa mtu wa mashine, ungetarajia abishe. Akakuna kichwa. "Nimepima kila kitu," akasema. "Hicho tu ndicho sijapima."

Basi ikapangwa. Kila mtu atatasa peke yake pale kisimani, kila mmoja kwa zamu yake, na baada ya kila mmoja pampu itawashwa. Jamani, sijawahi kuona mahakama ya namna ile. Hakimu alikuwa sanduku la chuma lisilo na kifuniko.

Wa kwanza jirani, kwa sababu ya mbuzi. Alikataa kwanza: "Mimi ni Mkamba, hayo mambo yenu siyawezi." Mjomba akamwambia moyo ni moyo. Akapewa kinywa cha maji ya miwa. Tukafumba macho. Tukasubiri pfuuu. Tukasikia glu. Alikuwa ameyameza. "Matamu haya!" akasema. "Nimesamehe. Mbuzi na afungwe tu." Mume wangu akawasha injini, akabonyeza swichi. Maji yakaruka! Mjomba akamshika mkono jirani: "Moyo wako ni mweupe, mama." Jirani alitembea siku ile kifua mbele kama aliyebatizwa upya.

Wa pili mimi. Niliogopa, maana hasira nilikuwa nayo ya kujaza debe. Nikajaza kinywa. Ule utamu ulipofika kooni, nikakimbia nyuma ya jiko nikatapika kila kitu. Mjomba akasema kutapika ni kutasa zaidi ya kutasa, yametoka mpaka ya ndani. Injini ikawashwa. Maji yakaruka. Nikasafishwa, mimi niliyekuwa nimepanga kutorokea Rukanga!

Wa tatu mume wangu. Alipuliza dhidi ya upepo, yote yakamrudia kwenye shati la kazi. Pampu ikaimba. Moyo mweupe.

Alibaki mama mkwe.

Akasimama, akanyoosha kanga yake, akajaza kinywa kama anavyojua yeye. Tukafumba macho. Pfuuuuu! Ilitoka safi, ndefu, ya kupendeza, nikaihisi mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Kama ni mimi, basi sina kitu. Nyumba hii ipate maji. Mwana huyu azae." Amina.

Washa. Pa! Moshi.

Mjomba akamtazama dada yake kwa huzuni. "Rudia, dada. Labda hukusema yote."

Mume wangu akatoa fyuzi ya mwisho mfukoni, akasubiri moshi uishe, akaiweka. Mama mkwe akarudia, kwa nguvu zaidi, na alipotaja Mungu sauti ilimtetemeka. Pa! Jirani, aliyekuwa mtakatifu wa nusu saa, akaguna: "Mmh." Ni hiyo "mmh" iliyomchoma. Mama mkwe aligeuka akaingia ndani, na tukamsikia anakunja nguo zake. Alikuwa anarudi Mwanda. "Siwezi kukaa mahali ninapoitwa mwongo na bomba," alisema kutoka chumbani.

Na mimi je? Niseme ukweli, nilifurahi kidogo. Nilijisemea moyoni: nilijua tu. Halafu nikafikiria pipa tupu, na kamba, na miezi iliyobaki, na furaha ikaisha.

Mjomba hakukubali aondoke hivyo. Alisema mara moja ya mwisho, kesho yake asubuhi, akiwa ametulia, akishindwa basi yeye mjomba mwenyewe atampandisha milimani. Mume wangu akaazima fyuzi shambani. Asubuhi tukazunguka kisima tena, injini imezimwa, vichwa chini, macho yamefumbwa. Mama mkwe alikuwa ameshavaa nguo ya safari na furushi lake liko mlangoni.

Akajaza kinywa. Na wakati huo huo mtoto akanipiga teke. Si teke la kuchezacheza. Lilinifanya niseme "Ah!" na kufumbua macho, na nikiwa nimeyafumbua nikaona kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona katika ua ule, kwa sababu sote tulikuwa tunaomba. Mama mkwe alipuliza, na wingu lile zuri, lote, likateremka taratibu moja kwa moja ndani ya sanduku lisilo na kifuniko. Matone yakaning'inia kwenye vyuma vya shaba. Yakaungana. Yakatiririka kutoka chuma hiki hadi kile. Na kwenye ukingo wa sanduku sisimizi walikuwa wameshapanga foleni, wanakuja kunywa.

"...mwana huyu azae. Amina," mama mkwe akamaliza.

"Washa," mjomba akasema.

"Msiwashe!" Nilipiga kelele mpaka mjomba akaruka. "Ni maji ya miwa! Yanaingia kwenye stima! Mama hana hasira, mama ana pumzi!"

Mume wangu akaja mbio, akachungulia. Akaingiza kidole, akakilamba. Akabaki ameweka kidole mdomoni, na niliona nguzo zote alizopanda, na tepe zote, na mbuzi aliyefungwa bure, vikimpita usoni. "Tamu," akasema.

Jirani ndiye aliyeanza kucheka. Kisha mjomba, kicheko chake cha kanisani, kidogo kidogo, kisha kikamshinda akashika ukuta wa kisima. "Kwa hiyo yule aliyeyameza..." "Ndiyo!" "Na yule aliyetapika..." "Ndiyo!" Mume wangu alifuta sanduku kwa kitambaa, akalipangusa kwa majivu makavu, akaliachia jua, na baadaye akalifunika kwa kifuniko cha sufuria yangu kubwa, akakifunga kwa waya. Akawasha. Maji yakaruka hadi kwenye mabega yetu. Mjomba akamwita dada yake, machozi ya kucheka bado yako mashavuni: "Basi, dada, utusamehe. Hukuwa na kitu moyoni. Tulikusingizia bure."

Mama mkwe hakuwa amecheka. Alikuwa amesimama palepale na nguo yake ya safari, maji ya pampu yanamrukia miguuni.

"Ninacho," akasema.

Hatukumsikia vizuri kwa ajili ya injini. Akamwonyesha mwanawe kwa mkono: zima. Akazima.

"Nimesema ninacho. Hasira ninayo. Nilidanganya." Aliongea polepole, Kiswahili chake cha milimani, akinitazama mimi, si mtu mwingine. "Huyu alipokuja na mkokoteni wake nilikasirika. Nikauliza, mashine yote hii ni ya nini? Nikaambiwa, ili mke wake asivute maji. Nikakaa kimya. Mimi nilibeba maji kutoka bondeni hadi Mwanda juu, kila siku, na mimba. Wawili wakatoka. Niliwazika mwenyewe, nyuma ya migomba, kwa sababu mama mkwe wangu alisema maji bado hayajatosha, rudi bondeni. Hakuna mtu aliyenishika hata mkono. Na wewe unaletewa stima!" Akageukia mume wangu. "Wewe si wa kwanza. Umekua unajiita kifungua mimba. Si wewe."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, mkono wa injini bado umo mkononi mwake. Hakujua. Umri wake wote hakujua. Hata mjomba, kaka yake wa tumbo moja, nilimwona ametazama chini, na sidhani ilikuwa kwa kuomba.

"Siku ile ulipoanguka hapa na kamba," akaniambia, "nilitaka kuja. Miguu ilikataa. Nilisema ndani, aonje. Halafu nikaogopa. Nilikuogopea, nikajichukia, nikaenda kujificha chumbani." Akafuta uso kwa kanga. "Hiyo ndiyo hasira yangu. Sasa mnaijua. Nipe kibuyu."

Mjomba akampa. Safari hii hakuna aliyefumba macho, na mzee wa kanisa mwenyewe hakukumbusha mtu. Mama mkwe akanigeukia, mgongo kwa kisima, akajaza kinywa, akanipulizia tumboni, pfuuu, na miguuni, pfuuu, mpaka kanga yangu ikanata mwilini. "Imetoka," akasema. "Zaa. Mimi sina kitu na wewe." Nikamshika, na yule mwanamke mkavu akalia begani kwangu kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Mume wangu hakujua afanye nini na mikono yake, basi akafanya anachokijua. Akawasha injini. Maji yakaruka vizuri ajabu.

"Zima!" mama mkwe akafoka.

"Mama, si imepona?"

"Nimesema zima hiyo kitu!" Akaenda kisimani, akavua nguo ya safari akabaki na kanga, akaikamata kamba akaanza kuvuta. "Huyu nitamchotea mimi."

Nikambembeleza. Mjomba akambembeleza. Mume wangu, maskini, alisimama kati ya pampu inayofanya kazi na mama anayekataa, fundi aliyefaulu siku ambayo hakuna anayemhitaji. Hakukubali. Tangu siku ile hadi nilipojifungua, kila tone nililonywa, nililopikia na nililoogea, mama mkwe alilivuta kwa mikono yake. Pampu tulimwachia jirani akanyweshea mboga zake na mbuzi. Watu walipita njia wakiona mwanamke mzee anavuta kamba pembeni ya mota ya stima na kuuliza kama imeharibika. "Iko sawa," anajibu, "mimi ndiye nilikuwa nimeharibika." Wakaenda zao wakitikisa vichwa.

Mtoto alikuja kiangazi kinaisha, mvulana, mzima. Mkunga alipoitisha maji, mume wangu alikimbilia kibandani kuzungusha mkono wa injini kwa kuchanganyikiwa, lakini ndoo ilikuwa tayari mlangoni na mama mkwe nyuma yake anahema. Hakuruhusu mtu mwingine amwogeshe. Alipommwagia yale maji yetu ya chumvi mtoto alipiga kelele, uso mwekundu, ngumi zimekunjwa, amekasirika na dunia nzima. Nilijiinua kutoka mkekani nikataka wanipe anyamaze.

"Mwache," mama mkwe akaniambia, na akainama karibu kabisa na sikio lake. "Lia, mume wangu. Lia yote, leo leo. Usiiweke."